Sahani ya Maji Uani: Ndege Watufundisha Kukusudia na Kutazama

Alfajiri, kabla kengele ya Misa ya kwanza haijalia, ndege wa nyua zetu wamekwisha kuamka. Shore huita kutoka mpapai, tetere hujibu kutoka juu ya paa, na shomoro hugombania punje zilizoanguka karibu na jiko. Lakini jioni, mtu akituuliza ni ndege gani waliotutembelea siku hiyo, wengi wetu hatuna jibu. Macho tulikuwa nayo, ila hatukutazama.

Jambo hili laonekana dogo, lakini linagusa maisha yetu ya kiroho. Katika Hotuba ya Mlimani (taz. Mt 6:26), Bwana wetu Yesu Kristo aliwaelekeza wanafunzi wake wawatazame ndege, wapate kutambua uangalizi wa Baba. Kitenzi cha Kigiriki kinachotumika hapo kina uzito wa kukaza macho, si kutupa jicho na kupita. Kitenzi hicho hicho ndicho anachokitumia Mwinjili Marko (taz. Mk 10:21) anaposimulia jinsi Yesu alivyomtazama yule tajiri akampenda. Hayati Papa Fransisko naye, katika Waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015 (na. 226), aliyaweka pamoja matukio hayo mawili: anayejua kumtazama ndege na anayejua kumtazama mtu wana moyo wa namna moja.

Basi, twawezaje kujizoeza kutazama hivyo? Njia moja iliyo wazi kwa kila familia ni kuwaalika ndege uani.

Nia huanza na maandalizi

Anayetaka kumwona ndege kwa karibu ama humfunga tunduni, ama humwandalia mahali na kumngoja. Tunawaalika waamini kuifuata njia hii ya pili, maana ndiyo inayouheshimu uhuru wa kiumbe.

Tuanze na maji. Sahani pana ya udongo, yenye maji ya kina cha vidole viwili na jiwe katikati pa kutua, inatosha. Iwekwe karibu na kichaka ambacho ndege aweza kukikimbilia, lakini isisongamane nacho, kwa kuwa paka huvizia humo. Maji yamwagwe na sahani isuguliwe kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, kwa sababu mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka katika muda wa siku saba hadi kumi. Ukarimu wetu kwa ndege usimletee jirani mbu.

Kisha chakula. Kiganja cha mtama, uwele au chenga za mchele huwavuta shomoro, chiriku na tetere. Chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hufuata utamu wa maua. Yeye tunamwalika kwa kupanda mishubiri, au kwa kuliacha ua la mgomba lining'inie. Shore hupenda papai lililoivia mtini.

Kila tunachokiweka uani kina mgeni wake. Makombo na taka zilizoachwa wazi humwita kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na ambaye leo amejaa katika miji ya pwani yetu. Yeye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Hatukumkusudia, lakini tulimwandalia. Ndivyo ulivyo moyo wa mwanadamu. Tunaposema "sikukusudia", huenda tunasema kweli. Hata hivyo yafaa tujiulize tulikuwa tumeandaa nini.

Kutazama huhitaji kurudi

Siku ya kwanza huenda asije ndege yeyote, pengine hata juma zima. Hapo wengi hukata tamaa, kama tunavyokata tamaa katika sala tusipoonja faraja upesi. Tuchague saa ile ile kila siku, dakika kumi baada ya sala ya asubuhi, na simu ibaki ndani. Subira huvuta heri.

Baada ya majuma machache, wale tuliowaita "ndege tu" huanza kuwa na sura. Tunamtambua shore kwa kichwa chake cheusi na manjano yaliyo chini ya mkia. Tunamwona mnana dume akisuka kiota kwa nyuzi za majani, jike akija kukikagua na kukikataa, na dume akikibomoa ili aanze upya. Watoto nao wawe wenzetu katika zoezi hili. Mtoto aliyewamwagia ndege maji kwa mkono wake huona vigumu kuwalenga kwa manati.

Kutoka uani hadi mlangoni

Tunaandika haya tukikumbuka kosa letu wenyewe. Katika Jumuiya yetu Ndogo Ndogo, mama mmoja mzee alikosekana Jumamosi tatu mfululizo. Jina lake lilisomwa, mtu akasema labda amesafiri, nasi tukaendelea na Rozari. Jumamosi ya nne ndipo wawili kati yetu walipokwenda kubisha hodi, wakamkuta kitandani, hoi, asiye na wa kumchotea maji. Mlango wake tulikuwa tukiupita kila siku.

Hatukumchukia mama huyo. Tulikuwa hatujazoea kutazama, wala hatukuwa tumepanga nani amtembelee asiyeonekana. Mama huyo alipona, na leo Jumuiya yetu ina zamu ya kuwatembelea wazee. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi kwa kumwendea tuliponywa upofu wetu.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji huanza kila mwaka tarehe 1 Septemba na kuhitimishwa tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wanaotunza mazingira. Hata hivyo, hatuna haja ya kukingoja. Kesho asubuhi tuweke sahani ya maji uani, tuketi dakika kumi tukitazama. Kisha, tukiwa njiani kwenda kazini au sokoni, tutazame ni mlango gani wa jirani ambao haujafunguliwa, tukabishe hodi.