Kabla ya kununua zinki ya 'kupandisha kinga', sikia yaliyotokea Pemba

Tuseme umeshuka kwenye treni ya SGR pale Emali na mafua yamekubana. Unaingia kwenye kemisti iliyo karibu na barabara kuu ya Mombasa kutafuta dawa ya kawaida, na muuzaji anakuongezea chupa nyingine: "Chukua na hizi za zinki, zinapandisha kinga." Hata hushangai, kwa sababu umeyasikia maneno hayo TikTok tangu enzi za Covid-19. Lakini kabla hujatoa simu ulipe kwa M-Pesa, muulize swali moja tu: zimesaidia nani, na kwa ugonjwa gani?

Zinki yenyewe si porojo. Chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na viini, zinaihitaji ili zikue na kufanya kazi. Ukiikosa unaugua ovyo na kidonda kinachelewa kupona. Ujanja wa biashara unaanzia hapo hapo. Kutoka "ukikosa zinki kinga inashuka" wanaruka hadi "ukiongeza zinki kinga inapanda", na hayo si maneno mamoja. Mtu wa Ukambani anayajua mambo ya tangi: likiwa nusu, kila mtungi unaomimina unasaidia. Likijaa, maji yanamwagika chini.

Sasa twende Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliandikisha watoto wadogo 42,546 kisiwani humo. Waligawanywa kwa kura: wengine walipewa zinki kila siku, wengine tembe inayofanana nayo lakini isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Lancet. Vifo katika kundi la zinki vilikuwa vichache kwa asilimia 7.

Hapo muuza tembe angepiga vigelegele. Ngoja kwanza. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Walipotazama umri, watoto waliozidi mwaka mmoja walionekana kunufaika, vifo vikiwa pungufu kwa asilimia 18. Wa chini ya mwaka hawakupata chochote. Unadhani tangazo lingechukua namba ipi?

Kuna jambo zito zaidi. Katika mradi huo huo, baadhi ya watoto walikuwa wakipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Nani angedhani chuma inaweza kumdhuru mtoto? Agosti 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa. Katika kisiwa kilichojaa malaria wakati huo, waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Na bado, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walionekana kufaidika. Tembe ni ile ile, ila matangi hayakuwa sawa.

Na wewe mtu mzima mwenye mafua? Mwaka 2024 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima, ulipitia tafiti 34 za zinki na mafua. Kuzuia mafua: karibu hakuna tofauti. Kuyafupisha: huenda siku mbili hivi, lakini ushahidi ni dhaifu, na waliotumia walilalamikia kichefuchefu na ladha mbaya mdomoni. Kuhusu Covid-19, utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 uliwapa wagonjwa waliokuwa wakijiuguza nyumbani zinki, vitamini C au vyote viwili. Ulikatizwa mapema kwa sababu hakukuwa na dalili ya msaada wowote.

Halafu angalia chupa imeandikwa nini. Kikomo ambacho wataalamu wa Marekani wamemwekea mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, na zipo tembe za miligramu 50. Ukizimeza kwa miezi, zinauzuia mwili kufyonza shaba, na damu na mishipa ya fahamu vinaweza kuathirika.

Tuwe wakweli pia: utafiti wa lishe wa kitaifa wa mwaka 2011 uliwakuta Wakenya wengi sana na upungufu wa zinki. Lakini dawa ya hilo inaanzia jikoni. Nyama ya ng'ombe inayo kwa wingi. Ndengu na maharagwe yanayo pia, na ukiyaloweka usiku kucha mwili unaifyonza vizuri zaidi. Unga wa mahindi wa pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa zinki tangu 2012. Ule wa posho mill mara nyingi hauna.

Mahali ambapo tembe ya zinki imejipatia heshima yake ni kwa mtoto anayeharisha. Tangu 2004, WHO na UNICEF wanashauri apewe pamoja na ORS, kwa siku 10 hadi 14. Kwa hiyo dada yako akikuambia mtoto amepata nafuu siku ya tatu na tembe zilizobaki kaziweka kabatini, mwambie azitoe aendelee kumpa mpaka zimalizike siku alizoandikiwa.