Mboga za Majani Mwaka Mzima: Kalenda ya Bustani kwa Mama wa Rungwe

Wilaya ya Rungwe imejaliwa udongo wa volkano, na mvua zake huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo joto lake ni la wastani. Hata hivyo, katika bustani zinazotegemea mvua pekee, majani hupungua kuanzia Agosti hadi Oktoba.

Upungufu huo una uzito wa kitabibu. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, mara nyingi kabla mama hajajitambua kuwa mjamzito. Mrija huo huhitaji foleti, vitamini iliyomo katika mboga za kijani na maharage. Foleti ikipungua, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Akiba yake mwilini hudumu miezi michache tu, ilhali mimba haichagui msimu.

Kwa hiyo bustani ipangwe isikatike. Mbegu za sukuma wiki zisiwe kwenye kitalu mwanzoni mwa Aprili. Miche ihamishwe Mei, udongo ukiwa bado na unyevu. Baada ya wiki sita hadi nane majani ya chini huanza kuchumwa, na mmea ukimwagiliwa huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa, hivyo huvusha kiangazi. Chainizi hukomaa kwa siku 30 hadi 45. Ni vema kusia tuta dogo kila baada ya wiki tatu badala ya kusia shamba zima kwa siku moja. Mchicha hudumaa kwenye baridi ya Juni na Julai, lakini ukisiwa Septemba na kumwagiliwa huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Maboga hupandwa pamoja na mahindi mvua zinapoanza. Wakati wa mvua kubwa, matuta yainuliwe ili maji yasituame na kuozesha mizizi.

Jikoni, majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe kwa maji kidogo na kwa muda mfupi. Foleti huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto wa muda mrefu. Anayemwaga maji ya mnavu ili kupunguza uchungu humwaga pia sehemu ya vitamini hiyo. Mnavu uchumwe ungali mchanga.

Mboga, pamoja na faida zake, hazichukui nafasi ya vidonge. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu mwanamke anapokusudia kupata mimba hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari mapema, kwani huenda akahitaji kiwango kikubwa zaidi.

Mhudumu wa afya asisubiri hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito. Swali kuhusu mboga na vidonge liulizwe mapema, mama anapomleta mtoto mkubwa kupimwa uzito au anapofuata huduma ya uzazi wa mpango.