Nguvu Iliyofungwa Kiwandani: Kompyuta ya Pikipiki na Namba Zake

Pikipiki ni chombo ambacho chama cha msingi hakiwezi tena kufanya kazi bila ya kuwa nacho. Ndiyo impelekayo karani kwenye vituo vya kununulia mazao na bwana shamba kwenye mashamba ya mbali, na mara nyingi ndiyo imletayo mwanachama ghalani pamoja na gunia lake. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa za kabureta, na fundi mwenye spana na bisibisi aliweza kuzifungua akaona kila kilichomo. Sasa zipo pikipiki ambazo petroli yake hupimwa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti, isiyo na skrubu ya kurekebisha wala kitu cha kuona kwa macho. Penye mashine za namna hiyo hapakosi fundi asemaye kwamba kiwanda kimeifunga injini, na kwamba kwa malipo kidogo nguvu hiyo yaweza kufunguliwa. Katibu ndiye anayeidhinisha malipo ya matengenezo. Yafaa basi ajue maneno hayo yana ukweli kiasi gani.

Ukweli upo, lakini asili yake ni Ulaya. Katika miaka ya 1980 Ufaransa iliweka mpaka kwamba pikipiki isizidi nguvu ya farasi 100, yaani kilowati 73.6. Viwanda vya Japani wakati huo vilikuwa vikishindana kutoa mashine yenye nguvu zaidi kila mwaka, na kuunda injini ya peke yake kwa ajili ya Wafaransa kungegharimu mno. Vilichukua injini ileile vikaiziba. Yamaha VMAX, iliyotokea mwaka 1985 ikiwa na nguvu ya farasi 145, ilikuwa na vilango katika njia za hewa vilivyofunguka injini ilipokwenda kasi, ili kila silinda ilishwe na kabureta mbili badala ya moja. Katika pikipiki zilizouzwa Ufaransa vilango hivyo havikufanya kazi, na farasi zaidi ya arobaini wakabaki zizini. Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999, ambayo kwingineko ilitoa nguvu ya farasi zaidi ya 170, huko iliuzwa ikiwa na mia na ushei tu. Mnunuzi alijua kwamba amelipia injini nzima akakabidhiwa sehemu yake, na karakana za kuziondolea pikipiki vizuizi hazikukosa wateja.

Mpaka huo haukuwa na msingi imara. Mwaka 1997 shirika la utafiti la Uholanzi, TNO, likifanya kazi kwa niaba ya Tume ya Ulaya, halikupata ushahidi wa kisayansi kwamba kuzuia nguvu kwenye kilowati 74 hupunguza ajali. Hatimaye Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 168 ya mwaka 2013 iliondoa ruhusa ya nchi moja moja kuweka mpaka wake, na mwaka 2016 Ufaransa ikakubali pikipiki mpya zenye breki za ABS ziuzwe na nguvu zake zote.

Kizuizi kilichobaki ni cha leseni, nacho kina maana zaidi. Tangu Januari 2013 mwendeshaji wa Ulaya mwenye leseni ya daraja la A2 haruhusiwi kupita kilowati 35, na pikipiki yake haiwezi kuwa imetokana na mashine yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya hizo. Ndiyo maana Yamaha MT-07, yenye kilowati zaidi ya 50, huuzwa pia katika sura ya kilowati 35. Nchini Ufaransa, baada ya miaka miwili na mafunzo ya saa saba, mwendeshaji hupata leseni kamili; hapo wakala wa kiwanda huondoa kizuizi, hutoa hati ya kuthibitisha, na kadi ya usajili hubadilishwa. Jambo hufanyika hadharani, kwa karatasi. Fundi au mfanyabiashara anayeziongezea nguvu pikipiki kinyume cha utaratibu huo, sheria ya barabara ya Ufaransa humwekea kifungo kiwezacho kufikia miaka miwili na faini ya yuro 30,000.

Ili kufahamu kinachofunguliwa ni nini, hapana budi kuanza na kazi ya kompyuta yenyewe. Petroli haiungui ipasavyo mpaka ichanganywe na hewa kwa kipimo: gramu moja ya petroli hutaka gramu 14.7 za hewa ili vyote viwili viishe. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote hupenda mchanganyiko mzito kidogo, karibu gramu 13 za hewa au pungufu. Kabureta ilikadiria kipimo hicho kwa mvuto wa hewa na matundu ya jeti. Kompyuta hufanya kwa hesabu. Husoma kasi ya kranki, jinsi kilango cha hewa kilivyofunguka, joto la hewa na la injini, na katika pikipiki nyingi hupima pia oksijeni iliyobaki katika moshi wa ekzosi. Kisha hutazama jedwali.

Jedwali hilo si geni kwa mtu wa ushirika. Katika kituo cha kununulia, karani hutazama daraja la zao upande mmoja na uzito upande wa pili, na pale mistari miwili inapokutana pana fedha za kulipwa. Ndani ya kompyuta ya pikipiki upande mmoja pana mizunguko ya injini kwa dakika, upande wa pili pana kadiri kilango cha hewa kilivyofunguka, na katika kila kijumba pana namba. Jedwali moja huamua petroli inyunyizwe kwa sehemu ngapi za elfu za sekunde; jingine huamua plagi iwashe nyuzi ngapi kabla ya pistoni kufika juu. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki huzunguka mara 100 kwa sekunde, na kila silinda ya injini ya mipigo minne huwashwa mara 50 katika sekunde hiyo moja. Kila mara namba hutazamwa upya. Mafundi wa Ulaya huyaita majedwali hayo ramani, na jina hilo limeshika.

Baadaye likaongezeka jedwali la tatu. Katika Yamaha R6 ya mwaka 2006, na katika pikipiki nyingi zilizofuata, hapakuwa tena na waya unaotoka mkononi mwa mwendeshaji hadi kwenye kilango cha hewa. Mkono hupeleka ombi, na mota ndogo hufungua kilango kwa kadiri kompyuta inavyoamuru. Humo ndimo kizuizi kilimopata makao yake mazuri kuliko yote: mkono unaomba kilango chote, jedwali linajibu nusu. Hapana chuma kilichochomelewa wala bomba lililobanwa. Pikipiki mbili zaweza kutoka katika mstari mmoja wa kiwanda, injini na boliti zikiwa zilezile, zikatofautiana kwa namba tu.

Kufungua nguvu, basi, ni kubadili namba. Fundi huunganisha waya kwenye soketi ya uchunguzi, akasoma kumbukumbu ya kompyuta, akahifadhi nakala ya kwanza, akaandika namba mpya, kisha akazirudisha ndani. Kazi ya kuandika ni ya dakika chache. Kazi ya kupima ndiyo yenye ufundi: pikipiki hupandishwa juu ya mashine yenye magurudumu ya chuma ambayo hupima nguvu za gurudumu la nyuma, na moshi wake hupimwa oksijeni katika kila hatua ya kasi. Anayeandika bila kupima hajui alichokiandika.

Tena, vizuizi vilivyomo katika kompyuta si vya aina moja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipo kizuizi kilichowekwa kwa ajili ya sheria, kama kile cha kilowati 35. Kukiondoa kwa njia halali hakuidhuru injini, maana injini ilibuniwa tangu mwanzo kubeba nguvu zote. Lakini zipo namba nyingine zilizowekwa kwa ajili ya uhai wa injini yenyewe: mpaka wa mizunguko, ambao ukipitwa vali huanza kuelea na zaweza kugongana na pistoni, uzito wa mchanganyiko wakati wa mzigo mkubwa, na akiba iliyoachwa katika muda wa kuwasha plagi, ili injini istahimili petroli hafifu na jua kali. Kwa mtu asiyejua, akiba hiyo huonekana kama nguvu iliyonyimwa.

Gharama ya kuichezea yaweza kuelezwa kwa joto. Pistoni ni ya aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Moto ulio juu yake hupita nyuzi 2,000. Pistoni haiyeyuki kwa sababu moto huo ni wa muda mfupi, kwa sababu ukungu mwembamba wa gesi iliyopoa huulinda uso wake, na kwa sababu joto lina njia ya kutokea kupitia ringi na kuta za silinda. Plagi ikiwashwa mapema mno, sehemu ya mchanganyiko hulipuka kwa kishindo badala ya kuungua kwa mpangilio. Fundi husikia injini ikigonga. Kishindo hicho huuondoa ule ukungu wenye kulinda, na pistoni hutoboka. Mwendeshaji anayepanda kilima na gunia mbili nyuma huenda asisikie kitu mpaka moshi wa bluu uanze kutoka.

Faida nayo ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Injini iliyofungwa na sheria hurudishiwa nguvu nyingi, kwa kuwa zilikuwamo. Injini isiyofungwa huongezewa sehemu chache tu katika mia. Hata nguvu zikiongezeka, kasi haifuatani nazo: kizuizi cha upepo hutaka nguvu mara nane ili kasi iwe mara mbili, na kuongeza kasi ya juu kwa sehemu moja ya kumi hutaka nguvu karibu theluthi moja zaidi. Breki hazibadiliki kwa kubadili namba. Pikipiki iendayo kilomita 90 kwa saa ina nguvu ya mwendo mara mbili na robo kuliko iendayo 60, na nguvu hiyo yote hapana budi imezwe na breki zilezile, au na kitu kingine.

Pikipiki nyingi zilizo mikononi mwa wanachama ni za sentimita za ujazo 100 hadi 150, kutoka India na China. Bajaj Boxer ya 100 hutoa nguvu ya farasi kama 8, na ile ya 150 kama 12. Zenye kabureta hazina jedwali lolote la petroli; mwanachama aliyeuziwa ramani mpya kwa ajili ya pikipiki ya kabureta ameuziwa hewa. Nguvu zake ni ndogo kwa sababu silinda yake ni ndogo, basi. Hata hivyo mambo yanageuka. Tangu tarehe 1 Aprili 2020 India imelazimisha masharti makali ya moshi kwa pikipiki mpya zinazouzwa nchini mwake, na sehemu kubwa ya viwanda vyake imehamia kwenye unyunyizaji wa petroli unaoongozwa na kompyuta. Kinachotengenezwa India hakichukui muda mrefu kufika Mombasa na Dar es Salaam.

Pikipiki za umeme zimekwisha kufika. Mjini Kigali zimekuwa zikifanya kazi ya abiria kwa miaka kadhaa, na Nairobi vilevile. Hizo hazina petroli wala plagi, lakini zina kisanduku cha kuongoza mota, na ndani yake mna namba za mpaka wa kasi na wa mkondo wa umeme. Anayeziongeza hupata mwendo, naye hulipa kwa betri: hesabu ileile ya upepo huifanya chaji iishe kabla ya safari, na mkondo mkubwa huipasha betri joto na kufupisha maisha yake. Mahali ambapo betri ni mali ya kampuni inayozibadilisha, mwenye pikipiki anacheza na mali ya mwingine.

Kwa upande wa chama, suala linalotangulia mengine yote ni bima. Mkataba wa bima huandikwa kwa pikipiki fulani, yenye injini fulani, na fomu nyingi za kuomba bima huuliza kama chombo kimefanyiwa mabadiliko. Chama kilichoongeza nguvu za injini bila kutoa taarifa kimeipa kampuni sababu ya kukataa madai, na mtu aliyeumizwa barabarani atakigeukia chama chenyewe. Gharama ya hospitali ya mtu mmoja aliyevunjika mguu yaweza kumeza ushuru wa msimu mzima. Halmashauri ikiamua kwamba mabadiliko yafanyike, uamuzi huo huandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na kampuni ya bima huandikiwa barua kabla ya fundi kuanza kazi.

Jambo lililobaki ni dogo, lakini mara nyingi husahauliwa hata Ulaya. Namba za awali za kiwanda zikifutwa bila kuhifadhiwa, hazirudi zenyewe. Katibu aombe nakala yake kabla ya kulipa, iwekwe katika jalada la chombo hicho pamoja na kadi ya usajili na stakabadhi ya ununuzi, na jina la fundi na tarehe ya kazi viandikwe katika daftari la mali. Fundi asiyeweza kutoa nakala hiyo hakuisoma kompyuta kabla ya kuiandika, na pikipiki ikianza kusumbua, njia iliyobaki ni kununua kompyuta nyingine.