Kinachopandikizwa Ufizi Unaposhuka

Ufizi ukishashuka na kuuacha mzizi wa jino wazi, haupandi tena wenyewe. Mgonjwa huanza kuhisi maji baridi yakimchoma. Akijitazama kwenye kioo, jino limerefuka na chini ya weupe wake kuna ukanda wa manjano. Huo ndio mzizi.

Kabla sijataja upasuaji, hutazama kwanza ile nyama ndogo ya pembetatu iliyo kati ya jino na jino. Ikiwa ni nzima na mfupa ulio chini yake haujaliwa, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ugonjwa ukishaula mfupa huo, kipandikizi cha bei yoyote kitafunika sehemu tu, na mgonjwa lazima aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Njia inayoaminika zaidi bado ni nyama yake mwenyewe. Akishapigwa ganzi, ufizi hufunguliwa, mzizi husafishwa, kisha kipande chembamba, cha milimita 1 hadi 1.5, huchukuliwa kwenye kaakaa na kulazwa juu ya mzizi. Ufizi huvutwa ukakifunika, ukashonwa. Hufaa sana, ila mgonjwa huondoka na vidonda viwili, na cha kaakaa ndicho humsumbua wakati wa kula.

Kidonda hicho cha pili ndicho kilichowafanya wataalamu watafute mbadala. Upo utando wa kolajeni, mara nyingi wa nguruwe. Ipo ngozi iliyotolewa na binadamu mwingine, ikaondolewa seli zake. Ipo jeli ya protini za enameli, itokanayo na meno machanga ya nguruwe, ambayo hupakwa kwenye mzizi ili kuamsha nyuzi zinazolishika jino. Na tangu Mfaransa Joseph Choukroun aeleze mbinu yake mwaka 2001, damu ya mgonjwa nayo huzungushwa kwa mashine, ikaganda, ikawa utando wa kusaidia kidonda kupona.

Asili ya vifaa hivi isifichwe. Mgonjwa Mwislamu aelezwe mapema, apate muda wa kumuuliza shehe wake akitaka. Akikataa, hajakosa tiba: kaakaa lake lipo.

Akishashonwa, asipitishe mswaki hapo kwa takriban wiki mbili. Asukutue kwa dawa ya klorheksidini, na sigara aiache kabisa, kwa kuwa hupunguza damu inayokilisha kipandikizi. Siku ya kutolewa nyuzi aje na mswaki wake. Brashi iliyolala pande zote huonyesha mkono mzito, na hapo tunaanza kumfundisha upya kupiga mswaki.