Uvimbe wa ubongo unaotolewa kupitia puani

Hapa Voi ukitaja upasuaji wa ubongo, watu huona msumeno na fuvu wazi. "Akipasuliwa kichwa harudi," nimeyasikia maneno hayo kuanzia Mwatate hadi Wundanyi. Kwa hofu hiyo mtu hukaa nyumbani na uvimbe hadi macho yazime.

Kuna uvimbe mmoja nataka tuufahamu. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Uvimbe wake mara nyingi si saratani. Taabu ni kwamba mishipa ya macho hukutana juu yake tu. Uvimbe ukipanda huibana, na mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona pembeni, kulia na kushoto, huku mbele akiona sawa. Miwani haimsaidii. Mwendesha bodaboda kwenye barabara kuu ya Mombasa huanza kushtuliwa na malori ya ubavuni. Mwanamke asiyenyonyesha aweza kutoka maziwa, au hedhi ikakatika. Wengine viatu na pete huanza kuwabana ukubwani. Na sisi tushasema ni jini!

Daktari hupitisha puani mrija mwembamba wenye taa na kamera, hutoboa mfupa mwembamba ulio nyuma, kisha huumegua uvimbe kidogo kidogo akitazama skrini. Mgonjwa yuko kwenye usingizi wa dawa. Hanyolewi nywele, wala habaki na kovu usoni. Hatari zipo: maji ya ubongo kuvuja puani, au homoni kupungua. Uvimbe wa aina ile inayoleta maziwa mara nyingi hutibiwa kwa vidonge tu. Na uvimbe mwingi wa sehemu nyingine za ubongo bado huhitaji fuvu kufunguliwa, tusidanganyane.

Si mambo ya Ulaya peke yake. Taasisi ya MOI, Dar es Salaam, hufanya upasuaji huu wa puani. Kule Mbale, Uganda, tangu mapema miaka ya 2000 watoto wenye kichwa maji wametibiwa kwa kamera kama hiyo.

Mshipa wa jicho uliobanwa muda mrefu huenda usipone hata uvimbe ukitolewa. Basi jaribu hivi: keti uso kwa uso na mwenzako, kila mmoja afunike jicho moja, la kwako la kulia na lake la kushoto. Mtazame puani, naye alete kidole polepole kutoka kando, katikati yenu. Kisha badilisheni jicho. Akikiona kidole mapema kuliko wewe, nenda Hospitali ya Moi hapa Voi ueleze hivyo hivyo, na uulizie kipimo cha MRI.