Yoga au Kujitambua: Kipi Kinakuweka Huru?

Mwenzangu alipopunguzwa kazi, tulihamia kwao Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru. Yoga ikamrudishia usingizi. Lakini swali moja liligoma kuondoka: "Bila cheo, mimi ni nani?"

Mpenzi msomaji, ubishi huu ni wa kale katika dini ya Kihindu. Wote wanatafuta moksha, yaani kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Patanjali, katika Yoga Sutra, alitaja hatua nane za kutuliza akili. Mikao ya mwili ni ya tatu tu! Shankara akasema kinachofungua ni kujijua: wewe si cheo, si mwili, ni Atman, nafsi isiyofungwa tangu mwanzo. Ukidhani kamba ni nyoka gizani, hutapona woga kwa kuruka-ruka. Leta taa.

Hata hivyo, Shankara hakuyatupa mazoezi, maana yanaiandaa akili. Mkono unaotetemeka utashikaje taa?

Kwetu sasa ni mkeka asubuhi, maongezi ya kweli jioni. Na wewe je? Ukiondoa kazi, gari na jina, anabaki nani?