‘Asili’ pekee haitoshi: Funzo la jiko la Mara kwa tumbo na ngozi

KATIKA nyumba nyingi za Buhare, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, rafu moja ya jikoni hufanya kazi mbili. Samli inayoungia mboga ndiyo hiyo hiyo inayopakwa miguu iliyopauka kwa upepo wa Ziwa Victoria. Asali ya kutilia chai hupakwa midomo iliyokauka, na maziwa ya mgando yanayoteremshia ugali wa udaga hupakwa usoni na wanaotafuta ngozi laini.

Desturi hiyo si ngeni. Jamii za wafugaji za Mara zilitumia mafuta ya maziwa ya ng’ombe kwa chakula na kwa ngozi muda mrefu kabla ya vipodozi vya viwandani kufika madukani. Kilicho kipya ni sababu zinazowarudisha watu kwenye rafu hiyo: bei ya bidhaa za dukani, na hofu ya krimu za kuchubua ngozi zinazojulikana kwa jina la mkorogo. Matokeo yake, neno “asili” limekuwa na nguvu kubwa sokoni. Linauza unga wa lishe, linauza sabuni, linauza mafuta.

Hata hivyo, neno hilo peke yake halimlindi mtu. Historia ya mkoa huu inaonyesha kwamba kitu kinaweza kutoka shambani, kikaandaliwa nyumbani kwa mikono ya mama, na bado kikaleta ulemavu wa maisha. Kinachomlinda mlaji, na vilevile mpakaji, ni hatua za maandalizi. Kila hatua ina sababu yake, na sababu hizo si siri ya wataalamu.

Muhogo na mwaka wa ukame

Mfano ulio wazi zaidi ni muhogo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wakazi wa vijijini katika Wilaya ya Tarime walipatwa na ugonjwa wa ajabu. Mtu aliyekuwa mzima alikakamaa miguu yote miwili ghafla, na baada ya hapo hakutembea tena kama zamani. Uchunguzi wa madaktari ulibaini kuwa ni konzo, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1938 na daktari aitwaye Trolli, katika nchi iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Jina lake limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Konzo haiambukizi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hadi leo haina tiba ya kuirudisha miguu katika hali yake. Chanzo chake ni kula kwa majuma mfululizo muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, huku mlo ukikosa protini.

Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo hutoa sumu ya sianidi. Kemikali hiyo haiharibiki kwa moto kirahisi, ndiyo maana kusonga ugali peke yake hakuondoi sumu yote. Kinachoiharibu ni kimeng’enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe. Mzizi unapolowekwa hadi ukalainika, au unapotwangwa, kimeng’enya hukutana na linamarini na kuivunja, kisha sianidi hutoka na kupotelea hewani au majini.

Hapo ndipo inapoonekana hekima ya udaga. Mihogo humenywa, hulowekwa kwa siku tatu au zaidi, ama hurundikwa na kufunikwa hadi ivunde na kuota ukungu, kisha ukungu hukwanguliwa na mihogo huanikwa juani. Siku hizo za kusubiri ndizo zinazotoa sumu. Kuukata muhogo na kuuanika moja kwa moja bila kuuvundika ni njia dhaifu zaidi kwa muhogo mchungu.

Ukame huvunja utaratibu huo mara mbili. Kwanza, muhogo uliokosa maji huwa mchungu zaidi. Pili, nyumba yenye njaa haina subira, hivyo siku za kuvundika hupunguzwa ili watoto wale. Wakati huohuo maziwa na samaki huadimika, nazo protini za vyakula hivyo ndizo zinazoupa mwili salfa ya kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Kwa maana hiyo, sahani ya ugali wa udaga na dagaa ina sababu zaidi ya ladha: dagaa husaidia mwili kukabiliana na mabaki ya sumu ya muhogo.

Kwa mwenye wasiwasi juu ya unga wake, ipo njia rahisi iliyobuniwa na mkemia Howard Bradbury wa Australia na watafiti wenzake. Unga huwekwa katika beseni na kimo chake kuwekewa alama ubavuni. Maji humiminwa huku unga ukikorogwa. Mwanzoni unga hushuka, kisha hupanda hadi kuifikia tena alama ile. Rojo hilo hutandazwa juu ya jamvi safi kwa unene usiozidi sentimeta 1, na kuachwa kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha husongwa ugali siku hiyohiyo.

Uji unaoshibisha

Chakula kingine kinachotuliza mwili na moyo katika kanda hii ni uji wa ulezi. Nafaka hii ndogo ina kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote za kawaida: gramu 100 zake huwa na zaidi ya miligramu 300, wakati kiasi kama hicho cha maziwa ya ng’ombe kina takribani miligramu 120. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya madini hayo hufungwa na asidi ya fitiki iliyomo ndani ya punje, na mwili hushindwa kuyapata.

Njia ya kuyafungua ni kuotesha na kuchachusha. Ulezi ukilowekwa, ukachipua, kisha ukakaushwa na kusagwa, hupatikana kimea. Kijiko kimoja cha kimea kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulainika mbele ya macho bila kuongezwa maji. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa waliotangaza matumizi ya kimea katika chakula cha watoto miaka ya 1980. Baada ya kulainika, uji hurudishwa motoni ukachemka tena ili kuua vijidudu.

Hapa pia ujuzi una kazi. Mtama unaweza kutoa kimea kama ulezi, lakini machipukizi yake yana sianidi. Anayetumia mtama hana budi kuupukuta na kuupeta hadi mizizi na vichipukizi viondoke vyote kabla ya kusaga. Wanaotaka kuepuka kazi hiyo huchagua ulezi.

Uji ukichachushwa hupata asidi ya laktiki, ambayo ndiyo inayofanya togwa na maziwa ya mgando yawe na uchachu. Asidi hiyo huvizuia vijidudu vingi vya kuharisha visistawi. Na ndiyo hiyo inayotupeleka kutoka tumboni hadi kwenye ngozi.

Kutoka chunguni hadi usoni

Asidi ya laktiki hutumiwa pia na viwanda vya vipodozi, kwa kuwa hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi na kuvuta unyevu. Kwa hiyo anayejipaka mtindi usoni kwa dakika 10 hadi 15 na kuosha kwa maji hafanyi jambo lisilo na msingi. Mtindi huo uwe safi, usiwe na sukari wala rangi, na usipakwe juu ya kidonda au ngozi iliyobabuka.

Kwa ngozi inayopauka, mafuta ndiyo msingi. Kazi kubwa ya samli, mafuta ya nazi au ya alizeti ni kuzuia maji yaliyomo ndani ya ngozi yasiondoke. Mafuta hayaongezi maji. Ndiyo sababu hufaa kupakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Anayepaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hupata mng’ao, lakini ukavu hubaki pale pale.

Mafuta ya alizeti, ambayo hapa nchini hukamuliwa kwa wingi Singida na Dodoma, yamepimwa hata hospitalini. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta hayo walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko wasiopakwa. Sababu ni kwamba mafuta hayo yaliimarisha ngozi yao changa, vijidudu vikakosa njia. Mafuta yaliyotumika yalikuwa safi na yalipakwa chini ya uangalizi wa madaktari. Si mafuta yaliyobaki kikaangoni.

Kwa magaga na viwiko vigumu, vijiko viwili vya sukari vikichanganywa na kijiko kimoja cha mafuta hutosha kusugulia taratibu baada ya kuloweka miguu katika maji ya uvuguvugu. Mchanganyiko huo haufai usoni, kwa kuwa chembe za sukari huchubua ngozi laini. Asali hufaa midomo na ngozi kavu. Ila mtoto wa chini ya miezi 12 asilambishwe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu kali ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia.

Mshubiri nao una siri yake. Ukikatwa jani hutoa utomvu wa manjano unaowasha ngozi na kuendesha tumbo. Jani husimamishwa wima kwa dakika kadhaa ili utomvu huo uchuruzike, huoshwa, kisha huchukuliwa ute ule mweupe wa ndani tu.

Ndimu na limau ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Wengi huzipaka usoni wakitaka kuondoa madoa. Maji yake yana kemikali ambazo, zikipigwa na jua, huunguza ngozi. Wekundu na malengelenge huweza kujitokeza baada ya siku moja au mbili, kisha hubaki madoa meusi yanayodumu kwa majuma au miezi. Aliyetafuta weupe hupata weusi wa mabaka.

Zebaki ya mgodini, zebaki ya krimu

Pamoja na tahadhari hizo, rafu ya jikoni bado ni salama mno kuliko mkorogo. Shirika la Afya Duniani limeonya kuwa sabuni na krimu nyingi za kuchubua zina zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Huleta pia vipele, makovu na mabadiliko ya rangi, na huipunguzia ngozi nguvu ya kupambana na bakteria na fangasi.

Watu wa Mara wanaijua zebaki kwa njia nyingine. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwamo wa Buhemba wilayani Butiama, huitumia kunasa chembe za dhahabu, kwa kuwa metali hizo mbili hushikana. Tabia hiyo humpa mnunuzi dalili moja ya kukagua: krimu ambayo maelezo yake yanamtaka mtumiaji avue vidani vya dhahabu au fedha kabla ya kuipaka inatia shaka kubwa. Maneno kama mercury, calomel au Hg katika orodha ya viambato ni onyo la wazi, na kipodozi kisicho na orodha yoyote nacho hakifai kuaminiwa.

Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na usimamizi wa vipodozi ukawa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mwaka 2019 jukumu la chakula na vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwananchi anayetilia shaka kipodozi anaweza kutoa taarifa huko.

Mambo ya kuzingatia

Kipodozi cha nyumbani kitazamwe kama chakula kilichopikwa. Chochote chenye maji, maziwa au tunda huharibika haraka. Kitengenezwe cha kutumia mara moja, kinachobaki kimwagwe. Mafuta matupu hudumu zaidi, mradi chombo kiwe kikavu na kisichotwe kwa vidole vyenye maji.

Kitu kipya kijaribiwe kwanza upande wa ndani wa kiwiko na kuachwa kwa saa 24. Kikiwasha au kuvimbisha, kiachwe. Ngozi yenye usaha, doa linalobadilika au kidonda kisichopona ni kazi ya mganga katika kituo cha afya.

Mwisho, hakuna mafuta ya jikoni yanayozuia jua. Jambo hilo ni la uhai na kifo kwa watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaandama tangu ujanani. Kwao yanahitajika kofia pana, mikono mirefu na mafuta maalumu, kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa mjini Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC. Anayewauzia samli au mafuta ya nazi kwa jina la kinga ya jua anawauzia hatari, hata kama chupa yake imeandikwa “asili” kwa herufi kubwa.